Siku Mnara Uliponuka Dagaa

Afadhali niseme mwenyewe kuliko muendelee kulisikia sokoni likiwa limeshatiwa chumvi: yule mwanamke aliyezima televisheni ya nusu ya Mwanza Jumamosi mchana, watu wamekaa wanatazama mashindano ya kwaya za shule, ni mimi. Sikukata waya, sikuangusha nguzo, wala sikumwaga chai kwenye mtambo. Nilikuwa nakausha dagaa. (Chekeni tu. Mume wangu alicheka mpaka akashika ukuta, halafu akakumbuka dagaa zenyewe ni za mama yake, akanyamaza.)

Mimi nafanya kazi kilimani, kwenye kile kijumba cha tofali kilicho chini ya mnara wa kituo kimoja cha televisheni hapa mjini. Nafungua asubuhi, nafagia, na kila baada ya saa moja nasoma namba kwenye mtambo wa kurushia matangazo naziandika kwenye daftari, na namba ikikaa vibaya nampigia simu Injinia Kamugisha, basi, kazi imeisha. Sikusomea mitambo. Niliishia kidato cha nne, na hicho kidato chenyewe tusikizungumzie.

Injinia Kamugisha ni Mhaya wa Muleba, mtu mzima, mpole, ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Wiki yangu ya kwanza pale nilimuuliza ni waya gani unaopeleka picha juu ya mnara, maana nilitafuta waya nikachoka. Nilichokuwa nakiona ni bomba la shaba, nene kama mguu wa mtu mzima, linatoka juu ya mtambo, linatoboa ukuta, linatambaa nje juu ya vyuma mpaka kwenye mnara, hapo linakunja kiwiko na kupanda juu, juu, mpaka shingo inauma. Mimi nilidhani ni la maji.

Akaniambia ndilo hilo. Nikamuuliza ndani kuna nini. Akasema ndani hamna kitu.

Yaani kuna bomba jingine dogo ndani ya lile kubwa, limeshikiliwa katikati na visahani vyeupe ili lisiguse kuta, na katika ule uwazi kati ya bomba na bomba, ule uwazi mtupu, ndimo zinamopanda habari, mpira, mahubiri na matangazo ya sabuni, bila kudondoka hata tone, mpaka zifike kwenye antena kule juu zitupwe kila upande, vilimani na ziwani. Nikamuuliza, sasa kama ni patupu, picha inapandaje? Akafikiri kidogo, akasema inapanda kwa sababu haina pengine pa kwenda. Mimi jibu lile lilinikaa. Siku ile nilifagia nikilizunguka lile bomba kwa adabu, kama mtu aliyeingia jikoni kwake akamkuta askofu.

Adui wa bomba, alivyonieleza, ni unyevu. Maji yakiingia, yale mawimbi yanayopanda yanayakuta, yanashindwa kupita, yanageuza na kurudi chini kwenye mtambo, na mtambo ukiona yanayorudi yamezidi unajizima wenyewe usije ukaungua. Ndiyo maana ukutani kuna kamashine kadogo kenye mrija wa plastiki. Kanavuta hewa ya mle chumbani, kanaipitisha kwenye chupa ya kioo iliyojaa punje za bluu zinazokunywa unyevu, kisha kanaisukuma ndani ya bomba. Injinia alisema hewa inayotoka hapo ni kavu kuliko Shinyanga mwezi wa tisa.

Sentensi hiyo ndiyo iliyoniponza.

Mama mkwe wangu alikuja Alhamisi kutoka Ukerewe. Alikuja kwa jambo moja tu, Neema, mtoto wetu wa kwanza, ambaye anasoma shule moja Nyakato na ndiye aliyechaguliwa kuanzisha wimbo wa kwaya yao kwenye mashindano, na mashindano yenyewe yanafanyika ukumbini Nyegezi na kurushwa moja kwa moja na kituo chetu. Magoti ya Mama hayataki ngazi wala benchi za ukumbini, kwa hiyo angetazama nyumbani kwetu Buswelu, na kufikia Ijumaa asubuhi alikuwa ameshaalika wanawake wa mtaa karibu wote (mtaa ambao mimi nimekaa miaka minane na nusu yao sijui majina). Na alikuja na gunia la dagaa za kutuletea sisi na ndugu wa Igoma, dagaa ambazo mvua ilizikuta mwambani hazijakauka, akazizoa hivyo hivyo akapanda nazo meli.

Alhamisi mvua. Ijumaa mvua. Dagaa zikaanza kutoa ile harufu, mnaijua, ambayo si ya samaki mbichi wala mkavu. Mama akawa amekaa barazani analitazama gunia kama anavyotazamwa mgonjwa, akasema ikiendelea hivi kesho anamwaga zote.

Sasa niseme ukweli kuhusu mimi na yeye. Hajawahi kunitukana. Ila kwenye kila kikao cha ukoo wakiulizwa wake za wanawe wanafanya nini, huyu atatajwa ni mwalimu, huyu ni nesi, na mimi nitatajwa kwa upole kabisa kwamba nafagia kwenye mnara. Nilikuwa nimelisikia hilo mara nyingi, na asubuhi ile, na mvua ile, ulimi wangu ukatoka wenyewe ukasema, "Mama, niachie mimi. Kazini tuna mashine inayotengeneza hewa kavu."

Akaniangalia vizuri, nadhani mara ya kwanza kwa miaka mingi. "Inakausha na dagaa?"

Hapo ningeweza kusema hapana. Ilikuwa neno moja tu, na mngekuwa hamnijui hadi leo.

"Inakausha chochote," nikasema.

Basi Ijumaa ileile nikapanda kilimani na dagaa kwenye bodaboda. Nyingine nikazijaza kwenye ndoo kubwa yenye kifuniko, zilizobaki nikazitandaza juu ya turubai sakafuni, palepale chini ya kamashine (kumbe hako ndiko kanakovuta hewa ya chumba, kwa hiyo nilikuwa nakanywesha unyevu wa dagaa kwa mdomo, lakini akili hiyo ningeitoa wapi). Nikachomoa ule mrija kwenye bomba, nikauchomeka kwenye tundu la kifuniko cha ndoo. Kamashine kakaanza kunguruma. Kwa kawaida kananguruma kidogo kanapumzika, siku ile hakakupumzika kabisa, nami nikafurahi nikasema leo kanafanya kazi kwelikweli. Baada ya saa mbili tatu zile punje za bluu zikaanza kugeuka pinki, kuanzia chini zinapanda, rangi nzuri ajabu. Nikapiga picha, nikaiweka kwenye status. (Picha hiyo baadaye ilitumika kama ushahidi.)

Kwenye bomba kuna geji inayoonyesha hewa iliyomo ndani. Ilikuwa imelala sifuri. Saa ya kuandika daftari ikafika, nikaandika namba ya saa iliyotangulia. Na saa iliyofuata hivyo hivyo. Mkono uliandika, macho yanatazama dirishani.

Jioni nikafunua ndoo. Dagaa zilikuwa na unyevu uleule zilioingia nao, ila sasa zimepoa. Nikarudisha mrija mahali pake, geji ikapanda taratibu mpaka inapotakiwa, nikashukuru Mungu, nikaenda nyumbani nikamwambia Mama bado kidogo tu. Sikujua kwamba zile punje zilikuwa zimeshashiba hazinywi tena, na kwamba usiku kucha kamashine kalikuwa kanasukuma ndani ya bomba hewa ya chumba kile jinsi ilivyo, na unyevu wake na kila kitu chake.

Jumamosi ikaamka na mvua ya baridi inayochapa mnara, na bomba likapoa, na ule unyevu ndani yake ukageuka maji. Haya nayasema sasa kama mtaalamu. Wakati ule nilikuwa nimekaa mbele ya televisheni ndogo ya pale kazini, miguu juu ya kiti, nasubiri saa nane.

Mashindano yakaanza vizuri. Shule ya akina Neema ilikuwa ya kumi. Kwenye mtambo kuna namba mbili ninazotakiwa kuzichunga kuliko zote: ya nguvu inayopanda na ya nguvu inayorudi, na ile ya kurudi siku zote iko chini kabisa, haitikisiki. Kwaya ya tatu ikiwa jukwaani nikaiona imetikisika. Nikaifuta kwa kitambaa. Ikapanda tena. Nilijua kabisa natakiwa kupiga simu, lakini nikimpigia Injinia, Injinia anakuja, na akija anazikuta dagaa. Kwa hiyo kwanza nikaamua kuficha dagaa. Nikazizoa zote kwenye gunia, nikalisukuma stoo nyuma ya mafagio, nikapiga deki sakafu yote kwa ile sabuni yenye harufu ya maua, na matokeo yake chumba kikanuka dagaa za kwenye harusi.

Niko nimeinama napiga deki nikasikia wimbo unakatikakatika. Nikainua kichwa. Mwalimu wa kwaya ya nne alikuwa amegawanyika vipande vya mraba, uso huku, mkono kule, halafu akaganda, halafu akapotea. Nyuma yangu feni za mtambo zikabadilisha mlio, taa nyekundu ikawaka, mtambo ukajizima.

Mimi sikuwa nimewahi kukisikia chumba kile kikiwa kimya. Miaka yote kinanguruma mpaka husikii tena kama kinanguruma. Nilisimama na tambara mkononi nikasikia maji yakidondoka kwenye mabati, na nikajua kwamba huko chini, Nyakato, Buswelu, Igoma, mpaka ng'ambo Sengerema, kila sebule iliyotufungulia imekuwa nyeusi wakati mmoja, na sababu iko nyuma ya mafagio.

Injinia alipiga simu kabla yangu. Alisema neno moja tu, kwamba anakuja. Akafuata Mama, sauti yake ya wageni. Akaniuliza hii televisheni yetu imekuwaje, maana wanawake wamejaa mpaka mlangoni na Neema hajaimba. Nikamwambia tunalishughulikia. Sijui ile "tu" niliitoa wapi.

Injinia akafika na mwenye kituo kwenye gari moja. Mwenye kituo ni Bwana Jitesh, Mhindi wa hapahapa, babu yake alikuwa na duka la vitambaa mjini kabla baba yangu hajazaliwa, na Kisukuma anakijua kunishinda. Nje ya uzio walikuwa wameshakusanyika watu wa mtelemkoni, kwa kuwa hawana cha kutazama nyumbani wamekuja kututazama sisi. Injinia akaingia, akasimama mlangoni, akavuta pumzi kwa pua. Akaiangalia chupa yenye punje za pinki. Akaniangalia. Akazima swichi kuu, akaipiga kufuli, ufunguo akautia mfukoni, akachukua spana akatoka nje.

Mvua ilikuwa imekata. Akapiga goti pale bomba linapokunja kiwiko kuanza kupanda, akalegeza bolti moja moja. Hewa ikatoka kwanza, ikifanya sss, na baada yake maji, kama kikombe kimoja hivi, yakamwagika kwenye viatu vyake. Halafu ikaja harufu. Haikuwa kali, lakini ilikuwa ni ile, na upepo wa ziwani ukaichukua ukaipeleka mpaka kwenye uzio, na mzee mmoja kule, mvuvi wa zamani nadhani, akasema taratibu, "Dagaa."

Bwana Jitesh akainama, akanusa, akainuka. "Injinia," akasema, "mnara huu umekula nini?"

Nikasema ni mimi. Nikasema ni dagaa za mama mkwe wangu. Akataka kuelewa vizuri, akaniuliza kama nilizipandisha mnarani. Nikamwambia hapana, nilikuwa nazikausha, na nikaeleza yote, mrija, ndoo, turubai, na daftari pia, kwa sababu ukishaanza kusema ukweli mbele ya watu arobaini hakuna pa kukomea. Uzio mzima ukacheka. Watoto walikuwa wanashika nyaya wanacheka. Bwana Jitesh hakucheka wala hakufoka, simu yake ilikuwa inaita, ni mtangazaji wetu kutoka Nyegezi anauliza sababu ya kukatika, na Bwana Jitesh ni mtu asiyejua kudanganya, akageuka pembeni akamweleza kama nilivyoeleza.

Injinia ndiye pekee ambaye hakuwa na habari na mambo hayo. Aliniita kwa kidole. "Mama Neema, njoo uone."

Nikapiga goti kwenye tope. Akanipa tochi, nikaingiza uso kwenye mdomo wa bomba na kumulika juu.

Jamani, sijui niwaambieje. Nilitegemea giza. Nikaona shaba, inang'aa kama sufuria mpya, inapanda mbali na mimi, na katikati yake lile bomba dogo limesimama wima kabisa haligusi popote, na vile visahani vyeupe, kimoja juu ya kingine juu ya kingine, vinazidi kuwa vidogo mpaka macho yanashindwa, na matone machache ya maji yametundikwa kwenye shaba yanametameta. Hakukuwa na kitu kingine chochote. Miaka yote nimefagia chini yake. Nikasahau uzio, nikasahau Bwana Jitesh, nikasahau kwamba kesho huenda sina kazi, nikabaki natazama tu.

"Mwanao yuko Nyegezi," Injinia akasema nyuma yangu, "anasubiri kupita humo."

Tukaanza kazi. Alifuta kiwiko kwa kitambaa cheupe, nami nikimshikia tochi. Akabeba mtungi wa gesi ya naitrojeni ambayo ni kavu kabisa, akaisukuma kutoka chini ili itoe unyevu kule juu. Akamwaga punje za pinki, akaweka mpya za bluu. Akafunga bolti. Halafu akanisimamisha mbele ya mtambo, akaniambia nisome kwa sauti namba ya nguvu inayorudi wakati yeye anapandisha kidogo kidogo, na nisome ninayoiona. Aliisema hiyo polepole. Nikasoma. Akapandisha. Nikasoma. Feni zikaamka. Namba ya kurudi ikabaki chini, ikabaki chini, mpaka tulipofika nusu ya nguvu ikajinyanyua kidogo, akatoa mkono.

"Tuiache hapa," akasema. "Sengerema watasubiri. Buswelu itafika."

Nikageukia televisheni. Picha ikaja vipande vipande, ikajishona. Wanafunzi walikuwa wanashuka jukwaani kwa mstari, watu wanapiga makofi. Sare za akina Neema. Nikamwona yeye kwa nyuma, kisogo chake, soksi nyeupe, hatua mbili, akapotea nyuma ya pazia. Walikuwa wamemaliza.

Na hapo mtangazaji, kijana mzuri, sauti ya asali, akatazama kamera akawaomba radhi watazamaji wote wa Mwanza na kando ya ziwa, akasema hitilafu imerekebishwa, na kwamba kwa taarifa alizopata, imesababishwa na dagaa za mama mkwe wa mfanyakazi wetu.

Buswelu ilikuwa imefika, kama alivyosema Injinia. Sebule yangu yote ilisikia.

Nilirudi nyumbani jua bado lipo. Wageni wachache walikuwa bado wamekaa, na hawakukaa kwa sababu ya chai. Nikapiga magoti mbele ya Mama, nikasema shikamoo, akaitikia marahaba, nikaomba msamaha, kwa ajili ya Neema kwanza, kisha kwa ajili ya dagaa, kisha kwa kutajwa kwake. Akaniuliza dagaa ziko wapi. Nikamwambia zimeharibika, tumezifukia. Akauliza sasa ilikuwaje hasa, ni nini hicho nilichokiharibu.

Kwa hiyo nikamweleza. Bomba ndani ya bomba, visahani vyeupe, uwazi, shaba inavyong'aa na kupanda mpaka macho yanashindwa. Nilisahau kwamba nimepiga magoti. Nilionyesha kwa mikono. Alinisikiliza mpaka mwisho, na wageni nao, hakuna aliyecheka.

"Ndani hamna kitu," akasema, "na mtoto anapita?"

"Anapita, Mama."

Akatikisa kichwa muda mrefu. "Ungeniambia hiyo siku zote hizi. Dagaa ninazo mimi."

Neema aliporudi, bibi yake alimsimamisha katikati ya sebule akamwambia aimbe yote, tangu mwanzo. Akaimba peke yake, bila kwaya, na Mama alifumba macho. (Walikuwa wa pili, kama mnataka kujua.)

Kazini nilipewa barua ya onyo, nikasimamishwa mbele ya wafanyakazi wote kusoma zile namba za uongo moja moja kwa sauti, na tangu hapo naitwa Mama Dagaa mpaka na mlinzi wa getini. Ninaitika. Nilichoapa ni hiki: sitaazima tena ukubwa wa kitu nisichokielewa ili nionekane mkubwa mbele ya mtu, hata akiwa mama mkwe, hata mvua inyeshe mwezi mzima. Asubuhi nikishafungua mlango, kabla sijashika fagio, naweka kiganja kwenye lile bomba. Lina vuguvugu kidogo. Nasimama hapo nimenyamaza, watu wa Mwanza wanapita chini ya mkono wangu, halafu nautoa taratibu nisiwasumbue.